Je, Nyumba Hurithi Dhambi? Neno juu ya Viwanda vya Bia Vilivyofungwa

Katika mji wetu wa Mwanza, na hasa upande huu wa Nyamagana, mahali pa kujengea ni haba. Majabali yamekaa kila upande, na pasipo na jabali pana nyumba ya mtu tayari. Tangu Wajerumani walipoweka boma lao hapa mwaka wa 1892, na tangu reli ilipofika ziwani mwaka wa 1928, mji haukuacha kukua, na watu wamepanda vilimani kujenga juu ya mawe kama pimbi. Kwa sababu hiyo nyumba kubwa yenye kuta imara, hata ikiwa kuukuu, haiachwi bure. Ghala hugeuzwa duka, duka hugeuzwa darasa, na hakuna anayestaajabu.

Lakini liko swali moja ambalo halijibiwi upesi hivyo. Tuseme usharika unatafuta nyumba ya kufundishia watoto, au ya zahanati, au ya kusalia, wala hauna fedha za kujenga. Wazee wanaambiwa: Iko nyumba moja, ni pana, paa lake zima, bei yake nafuu, ila zamani ilikuwa nyumba ya kupikia bia. Je, waikubali ama waikatae? Wako watakaosema, "Hata kidogo! Nyumba iliyoharibu watu haiwezi kuwafaa watu." Na wako watakaosema, "Matofali ni matofali. Tupake chokaa, tuingie." Sisi twaona ya kuwa kila upande umeshika kipande cha kweli na kuacha kingine. Yafaa tulipime jambo hili polepole, maana lina watu ndani yake: mama aliyelala njaa kwa sababu ya mshahara ulioishia chupani, na mtoto asiye na chumba cha kusomea.

Kwanza na tuijue nyumba yenyewe, kwa kuwa si haki kuhukumu kitu tusichokijua. Pombe ya mtama au ya uwele, kama ipikwavyo na akina mama vijijini, haihitaji nyumba ya namna yake. Chungu, moto na kivuli vyatosha, na baada ya siku chache hunywewa ikaisha. Bia ya chupa ni kazi nyingine. Shayiri huloweshwa maji, huachwa ichipue, kisha hukaushwa, na hapo huitwa kimea. Kimea husagwa na kutiwa maji ya moto hata utamu wake utoke, na maji hayo matamu huchemshwa pamoja na maua machungu yaitwayo hopsi. Yakiisha kupozwa hutiwa hamira, nayo hamira hula ule utamu na kuugeuza kuwa kileo. Baadaye bia huwekwa mahali pa baridi hata itulie. Kwa kazi hiyo hutakiwa maji mengi, sakafu yenye nguvu ya kuchukua mapipa makubwa, kuta nene za kuzuia joto, mifereji ya kutoa maji machafu, na milango ambayo gari laweza kupita. Msomaji akizihesabu sifa hizo moja moja, ataona kwamba nyingi ndizo zitakiwazo na shule, na hospitali, na ghala ya chakula. Ndiyo maana swali letu huzuka tena na tena katika nchi nyingi: bia ikiisha kuondoka, nyumba hubaki njema.

Katika nchi zetu habari za viwanda hivyo si za zamani sana. Mwaka wa 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walianza kupika bia huko Ruaraka, karibu na Nairobi. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo mawindoni, na bia yao ikapewa jina la Tusker kwa ajili ya tembo yule. Katika miaka ya 1930 Dar es Salaam nayo ikawa na kiwanda chake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967 serikali ya Tanzania ilitwaa sehemu kubwa ya hisa za kiwanda, hata bia ikawa kama mali ya umma. Na mwaka wa 1993 serikali ikaingia ubia na kampuni ya Afrika ya Kusini. Mwanza nako bia hupikwa hata leo.

Ndipo yakaja mashindano. Kampuni ya Afrika ya Kusini ilifungua kiwanda Thika, katika Kenya. Kampuni ya Kenya nayo ikawa na kiwanda Moshi, chini ya Kilimanjaro, kikiitwa Kibo. Wakashindana kwa miaka michache, na mwaka wa 2002 wakapatana. Mapatano yao yalikuwa mepesi: kiwanda cha Thika kikafungwa, na kiwanda cha Kibo kikafungwa, kila mtu akabaki na soko lake. Baada ya miaka bia ikapikwa tena Moshi. Na Kisumu, ng'ambo ya ziwa letu, ambako kazi ya kiwanda ilikuwa imesimama, kampuni ilifungua kiwanda kipya mwaka wa 2019 kwa gharama ya shilingi za Kenya bilioni 15, ili kupika bia ya mtama.

Twamwomba msomaji aliangalie neno moja katika habari hizi. Milango ilipofungwa Thika na Moshi, hakuna aliyeifunga kwa kutubu. Wenye mali hawakusema, "Tumewaumiza watu, na sasa tuache." Vitabu vya hesabu ndivyo vilivyosema. Mlevi hakukosa bia, kwa maana ililetwa kwa magari kutoka kiwanda kingine. Aliyekosa ni kibarua aliyeamka asubuhi akakuta hana kazi. Basi tusidanganyike kufikiri ya kuwa nyumba ya bia ikifungwa, wema umeshinda. Pengine ni biashara tu iliyohama. Wema, ukiwapo, utaonekana katika yale yatakayofanywa baadaye ndani ya kuta zile.

Sasa tuwasikilize wale wanaokataa. Hatupendi kuwacheka, kwa sababu neno lao limetoka katika machungu. Aliyelelewa na baba mlevi haoni matofali tu apitapo penye nyumba ile. Anaona Jumamosi za mwisho wa mwezi. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya jambo linalofanana na hili. Nyama iliyouzwa sokoni pengine ilikuwa imetolewa kwanza mbele ya sanamu, nao waliuliza kama Mkristo aweza kuila. Yeye aliwaonyesha ya kuwa sanamu si kitu, na nyama haikupata doa lolote. Hata hivyo aliwataka wenye nguvu wamwangalie ndugu aliye dhaifu, asije akaanguka kwa ajili ya uhuru wao. Hapo mafundisho ni mawili, nasi hatuna ruhusa ya kuchukua moja na kuliacha la pili.

Tuanze na la kwanza: kitu chenyewe hakina doa. Dhambi ni tendo la mtu mwenye nia. Jiwe halina nia. Wako wasemao kwamba uovu huganda ukutani kama moshi jikoni. Lakini kama ingekuwa hivyo, utakatifu nao ungeganda ukutani, na mahali palipoombewa miaka mingi pasingaliweza kutumika kwa kazi nyingine kamwe. Mambo yaliyotukia yatuonyesha sivyo. Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, lilijengwa mwaka wa 1902 kanisa la Wakatoliki kwa jina la Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Mwaka wa 1993 lilifungwa, na mwaka wa 1996 nyumba ile ile ikawa mahali pa kupikia na kunywea bia, na mapipa ya kupikia yakasimamishwa pale palipokuwa na madhabahu. Kuta hazikupiga kelele. Hamira ilifanya kazi yake vilevile kama mahali pengine. Basi ikiwa maombi ya miaka tisini hayakuizuia bia isiumuke, kwa nini tuogope kwamba bia ya miaka ishirini itayazuia maombi?

Wala Walutheri hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Nyumba ya Martin Luther katika Wittenberg ilianza kujengwa mwaka wa 1504 kuwa makao ya watawa wa Augustino. Watawa walipoondoka, Luther alibaki humo. Mwaka wa 1525 akamwoa Katharina von Bora, na mwaka wa 1532 mtawala wa nchi akampa nyumba hiyo iwe mali yake. Katharina alilima, alifuga, na alipika bia kwa ajili ya meza yao iliyojaa watoto, wanafunzi na wageni. Mwaka wa 1564 warithi waliiuza kwa chuo kikuu, na tangu mwaka wa 1883 imekuwa makumbusho. Kuta zile zile zimekuwa makao ya watawa, nyumba ya ndoa, mahali pa bia, darasa, na sasa hutembelewa na wageni kutoka kila nchi. Hatutaji habari hizi ili kumpa mlevi udhuru. Bia ya mezani kwa Katharina si sawa na mshahara mzima uliomwagwa kilabuni. Twazitaja ili ijulikane ya kuwa nyumba hufuata kazi ya wakaao humo.

Kanisa la kale lilifahamu jambo hili. Mwaka wa 601 Papa Gregori alimpelekea Mellitus, aliyekuwa njiani kwenda kwa Waingereza, shauri la kwamba mahekalu ya wapagani yasibomolewe, bali sanamu zitolewe na nyumba zitumike kwa ibada ya Mungu. Na katika Roma hekalu la miungu yote, liitwalo Pantheon, likawa kanisa mwaka wa 609. Kama wangalibomoa kila nyumba iliyotumika vibaya, wangalikuwa na magofu mengi, na huenda makosa yale yale yangaliendelea chini ya miti.

Lakini tukiisha kusema hayo, tusiondoke mbio kwenda kununua chokaa. Liko la pili. Jiwe halirithi dhambi, lakini watu hurithi deni la kukumbuka. Aisafishaye nyumba kwa nia ya kusahauliwa yaliyotendwa humo, amewatendea vibaya mara ya pili wale walioumizwa. Hapa Unguja ni mwalimu wetu. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kuzifunga soko za watumwa, na pale Mkunazini, palipokuwa soko kubwa, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa kwenye Krismasi ya mwaka ule ule. Wangaliweza kujenga mahali pengine penye upepo mzuri wa bahari. Walijenga pale pale, na hata leo aingiaye huambiwa habari za soko, na uani mwa kanisa zimesimama sanamu za watu wenye minyororo shingoni, zilizowekwa mwaka wa 1998. Wajengao kanisa hawakuificha aibu ya mahali pale. Waliiacha iseme, ili sala isiwe pazia. Kadhalika Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ilikuwa gereza tangu 1895 hata 1958, kisha ikawa makumbusho, na historia yake yote huelezwa humo, ya vita na ya kifungo.

Katika Ulaya tumesikia habari za nyumba za bia zenyewe zilizogeuzwa. Katika Berlin kiwanda kikubwa cha Schultheiss kiliacha kupika mwaka wa 1967, na majumba yake ya matofali sasa yana michezo ya kuigiza, sinema na makumbusho. Katika Dublin, nchi ya Ireland, nyumba kubwa ya Guinness iliyomalizika mwaka wa 1904, ambamo bia iliumuliwa hata mwaka wa 1988, ilifunguliwa mwaka wa 2000 kwa wageni waje kuona jinsi bia ipikwavyo, na mwisho wa safari yao hupewa bilauri. Hatuna ugomvi na mafundi waliozihifadhi kuta hizo. Kazi yao ni nzuri. Lakini yatupasa kuona tofauti. Mkunazini mahali pamegeuka na habari zikabaki. Dublin nyumba imegeuka ila kazi yake ni kuisifu bia ile ile, na habari za mke aliyengoja usiku kucha hazimo katika maelezo.

Na mji ule wa Dublin watuletea swali lingine, la fedha. Kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, lililokuwa limechakaa, lilitengenezwa kati ya mwaka wa 1860 na 1865 kwa fedha za Benjamin Lee Guinness, mwenye kiwanda. Paa likapona. Je, alifanya vibaya? Hatuwezi kuingia moyoni mwake, wala hatumhukumu. Lakini twaweza kusema neno kwa wazee wetu, maana jaribu kama hilo laweza kufika kwetu pia. Mwenye biashara ya pombe akiutolea usharika nyumba yake kuukuu bure, na mkono mwingine unafungua mpya mtaa wa pili, wazee waulize zawadi hiyo inanunua nini. Ikiwa inanunua ukimya wa mhubiri, ni ghali mno. Ni afadhali kununua kwa bei ya haki, na kubaki na kinywa chetu.

Sasa tufike kwenye shauri. Sisi twaona mambo matatu yatangulie kabla ya mzee yeyote kutia sahihi.

Kwanza, waulizwe walioumizwa. Mara nyingi wanaoulizwa ni fundi, mwanasheria na mtunza hazina. Lakini katika kila usharika yuko ndugu aliyeponyoka katika ulevi kwa taabu, na kwake lango lile si lango tu. Aitwe, akae mbele ya wazee, aseme. Pengine atasema, "Siwezi kuingia mle, miguu yangu inaijua njia." Basi neno lake lina uzito kuliko bei nafuu, na wazee wangoje. Pengine atasema, "Na niwe wa kwanza kushika jembe la kusafisha." Akisema hivyo, nyumba imepata mlinzi. Kadhalika waitwe wale waliokula mkate wao humo kwa kazi ya halali, wapakizi na mafundi wa mitambo, maana nao walipata hasara. Kazi ya ukarabati ikiwapo, wafikiriwe kwanza. Wanaijua mifereji yote.

Pili, habari za nyumba zisifutwe. Kibao kidogo mlangoni chatosha, chenye kusema nyumba hii ilijengwa lini, kwa kazi gani, ikafungwa lini. Watoto watakaosomea humo wafundishwe pia jinsi shayiri igeukavyo kimea na kimea kigeukavyo kileo, na kileo kimefanya nini katika nyumba za watu. Ajuaye jinsi kitu kinavyofanya kazi hadanganyiki kwa urahisi na picha nzuri za barabarani.

Tatu, nyumba isiachwe tupu. Bwana wetu alisimulia habari za pepo mchafu aliyemtoka mtu, akarudi akaiona nyumba imefagiwa na kupambwa, lakini haina mwenyeji. Akaenda akaleta wenzake saba walio waovu kuliko yeye. Twaogopa sana jambo hili. Tukikitwaa kiwanda kwa shangwe, tukapaka chokaa, tukaimba siku ya kufungua, kisha tukakifunga kwa kufuli tangu Jumatatu hata Jumamosi, vijana watakaa ukutani kwa nje kama zamani, na auzaye gongo atawafuata huko. Watu hawakwenda mahali pale kwa kiu tu. Walikwenda kwa sababu palikuwa na taa, na wenzao, na mahali pa kuketi baada ya kazi, na mtu aliyewaita kwa jina. Usharika usioweza kuwapa hayo usijidai kwamba umewashinda wenye bia. Umepata kuta tu. Basi na pawe na taa jioni, na masomo ya kazi za mikono, na mahali pa mazungumzo, na chai ya moto, na mzee mmoja au mwalimu akae hapo kila siku bila kuchoka.

Tukirudia swali letu: Je, nyumba hurithi dhambi? Hairithi. Lakini anayeinunua hurithi jirani zake, na kumbukumbu zake, na watu waliokuwa wakija mlangoni pake. Hao ndio urithi, nao hautakatwi kwa chokaa wala kwa hati ya mauzo. Usharika ulio tayari kuupokea urithi huo wote, na uinunue nyumba bila hofu, uingie. Usio tayari, na uendelee kusalia chini ya mwembe, wala usione haya. Kivuli cha mwembe hakina deni kwa mtu. Wazee wa Nyamagana watakapoletewa jambo la namna hii, tunawaombea wasilimalize kwa kikao kimoja, na wasihesabu fedha kabla hawajahesabu watu.